Gari Linamisi: Ijue Silinda Yenye Kosa Kabla Hujanunua Koili

Gari limesimama kwenye foleni ya Ubungo, gia iko kwenye D, mguu uko kwenye breki, na usukani unatetemeka mikononi mwako. Ukikanyaga mafuta linasita kwanza, kisha linaondoka kwa kuchechemea. Kabla hujafika Kimara taa ya injini imewaka. Fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia linamisi, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta inavyopaswa, na atakuwa sahihi. Tatizo ni sentensi inayofuata, ambayo mara nyingi ni hii: "Badilisha koili zote nne."

Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche, nami nilishabadilisha zote nne. Gari langu ni IST, na gereji moja ilinitoza fedha za koili pamoja na za ufundi. Siku mbili baadaye ule mtetemo ukarudi vile vile. Nilipolifungua mwenyewe nyumbani nikakuta kijipini cha plastiki kinachofunga soketi ya umeme ya koili namba 3 kimekatika. Plastiki hizo hukauka kwa joto la miaka mingi, na kila barabara ilipokuwa mbaya soketi ilikuwa inalegea. Koili zangu za zamani hazikuwa na kosa lolote, na hadi leo bado ninazo. Tangu hapo nina sharti moja, nami nakuomba ulichukue: sinunui kifaa mpaka kosa lenyewe limenionyesha kwamba linakifuata kifaa hicho.

Maelezo haya yanafuata injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyoko kwenye IST, Probox, Spacio, Fielder, Allion, Premio na baadhi ya Vitz. Ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi. Kama injini yako ni nyingine lakini koili zimekaa hivyo hivyo, hatua hazibadiliki. Vipimo tu ndivyo utakavyoviangalia kwenye kitabu cha gari lako.

Silinda ili ifanye kazi inataka vitu vitatu: cheche kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kiasi chake, na kompresheni, yaani pistoni iweze kuubana ule mchanganyiko bila kuvuja. Kikikosekana kimoja, silinda haichomi. Hatua zote hapa chini zinauliza swali moja tu: kipi kati ya hivyo vitatu hakipo, na katika silinda ipi?

Vifaa vya kuwa navyo

Soketi namba 10 ya kufungulia bolti za koili. Soketi ya plagi namba 16, yenye raba au sumaku ndani ya kuishika plagi isidondoke. Racheti na ekstensheni ndefu, maana plagi zimezama ndani kabisa. Maltimita ya kawaida, filageji ya kupimia nafasi ya plagi, bisibisi ndefu, tochi, kalamu na karatasi. Kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachoongea na simu kwa bluetooth, kitakulipa mara ya kwanza tu utakapokitumia. Geji ya kompresheni si lazima uinunue. Mafundi wengi watakuazima au kukukodisha.

Fanya kazi mahali pa wazi, gari likiwa kwenye tambarare, hendibreki imevutwa. Plagi usizifungue injini ikiwa ya moto. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na nyuzi zake huharibika kirahisi zikifunguliwa kwenye joto. Nalifungua langu asubuhi, kabla halijawashwa.

Kama taa ya injini inapepesa badala ya kuwaka tu, usiendelee kuliendesha. Kupepesa maana yake petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yakiyeyuka yataziba, na hapo tatizo la plagi moja litakuwa limezaa tatizo la bei kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: sikiliza, halafu soma kodi

Washa gari na uliache kwenye sailensi, bila kukanyaga mafuta. Nenda nyuma, ushike kipande cha karatasi sentimita chache kutoka mdomo wa bomba la moshi. Injini nzima huisukuma karatasi kwa pumzi moja iliyo sawa. Inayomisi huisukuma kwa kurukaruka, na mara nyingine karatasi huvutwa kidogo kurudi bombani. Kwenye mizunguko 700 kwa dakika kila silinda huchoma mara 350, kwa hiyo silinda iliyokufa kabisa ni pigo linalokosekana karibu mara sita kwa sekunde, kwa mpangilio uleule. Ukisikia mpangilio huo, ni silinda moja. Ukisikia fujo isiyo na mpangilio, huenda ni zaidi ya moja, au ni hewa, au ni mafuta.

Kisha chomeka kile kifaa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva na usome kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi. Ziandike zote kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Fundi anayefuta kodi kabla hajaziandika amekufutia ushahidi.

P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, P0303 ya 3 na P0304 ya 4. P0300 ni kumisi kunakohama huku na huku. Kwenye 1NZ silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa feni belti, na namba 4 iko upande wa giaboksi.

Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wengi pia, wanapopotea. Kompyuta haizioni cheche. Inapima mwendo wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na krenki ikipunguza kasi kidogo pale ambapo silinda ya 2 ilipaswa kuisukuma, kompyuta inaandika P0302. Basi. Haijasema koili, haijasema plagi, haijasema nozeli inayonyunyiza petroli. Imesema tu kwamba silinda ya 2 haikusukuma. Kodi zinazoitaja koili yenyewe ni nyingine, P0351 hadi P0354, na nazo zinazungumzia njia nzima ya umeme ya koili, waya na soketi zikiwemo. Mtu akikuonyesha P0302 na kukuambia "mashine imesema koili", ujue maneno hayo ni yake, si ya mashine.

Kuna magari yaliyotoka Japani zamani ambayo kifaa cha bei rahisi hakiyasomi. Hapo utaitafuta silinda kwa kuikata. Zima gari, chomoa soketi ya umeme ya koili namba 1, washa, sikiliza kwa sekunde kumi, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa namba 2, 3 na 4. Ukichomoa ya silinda isiyo na kosa, injini itazidi kutetemeka. Ukichomoa ile iliyokufa, hutasikia tofauti yoyote, maana ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Nasema uzime kila mara kwa sababu nimeona watu wakizing'oa koili injini ikiunguruma. Umeme wa hapo hufika makumi ya maelfu ya volti. Utakurusha, na unaweza kuiua koili au kompyuta.

Hatua ya pili: fungua na uangalie

Kabla ya kutoa koili, ivute soketi yake kidogo kwa vidole, ya kila silinda. Isitoke wala isicheze. Ukikuta kijipini kimekatika kama changu, huenda kazi imeishia hapo. Fuata na waya kwa tochi. Gari likilala nje au kwenye banda lenye panya, waya za injini ni chakula chao, na waya iliyotafunwa nusu husababisha kumisi kunakoonekana leo na kesho kukapotea.

Fungua bolti ya namba 10, izungushe koili kidogo kushoto na kulia, kisha uivute juu. Mulika ndani ya shimo la plagi. Ukiona maji, jiulize injini ilioshwa lini. Wale vijana wa kuosha magari wanaopuliza maji ya presha moja kwa moja kwenye injini wameyafanya magari mengi yamisi siku hiyohiyo. Kausha kwa upepo, kausha na koili, rudisha, ujaribu kabla ya kununua chochote. Ukiona oili, gasketi ya tapeti kava na sili zake zimechoka. Oili hulainisha raba ya koili na kuipa cheche njia ya kutorokea pembeni. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kuitumbukiza koili mpya kwenye oili ileile.

Kwa vyovyote vile, puliza shimo kwa pampu ya baiskeli au kompresa kabla ya kufungua plagi. Mchanga ukiangukia ndani ya silinda utakuwa umeleta ugonjwa ambao haukuwepo.

Sasa toa plagi zote nne na uzipange mezani kwa namba zake. Plagi moja peke yake haisemi mengi, lakini nne zikikaa pamoja utaiona mara moja ile isiyofanana na wenzake. Rangi ya kahawia isiyokolea au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi kupita kiasi. Weusi wa mafuta mazito ni oili inayoingia ndani, kutoka kwenye ringi au sili za valvu. Plagi iliyolowa petroli inakwambia nozeli inamwaga lakini cheche haipo au ni dhaifu. Nyeupe yenye vipele ni joto kali au petroli pungufu. Na ile safi kupita kiasi, kama imeoshwa, wakati nyingine tatu zina rangi, huwa inaonyesha kwamba maji ya rejeta yanaingia katika silinda hiyo, tutaifikia.

Itazame sehemu nyeupe ya kauri kwa tochi. Ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi unaotelemka kutoka juu hadi chini, ni njia ya umeme uliotoroka. Plagi hiyo itupe, na uikague raba ya koili kama ina alama ileile. Usisugue plagi za iridiamu kwa msasa wala brashi ya waya. Ncha yake ni nyembamba kama sindano, na ukiisugua umeiharibu. Nafasi kwenye plagi za iridiamu za injini hii ni milimita 1.1, ipime kwa filageji. Plagi za feki ni nyingi sokoni, na boksi zuri halithibitishi kitu. Plagi zenye herufi R kwenye namba zake zina rezista ndani, kwa hiyo weka maltimita kwenye ohm na upime kutoka juu hadi ncha ya katikati. Nyingi husoma karibu kilo-ohm 5. Ikigoma kusoma kabisa wakati wenzake wanasoma, iweke pembeni.

Hatua ya tatu: hamisha, usinunue

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha, na haigharimu chochote isipokuwa dakika ishirini. Tuseme silinda yenye kosa ni ya 2. Peleka koili ya 2 kwenye silinda ya 1, na ya 1 ije kwenye 2. Peleka plagi ya 2 kwenye silinda ya 4, na ya 4 ije kwenye 2. Silinda ya 3 iache kama ilivyo. Andika kwenye karatasi nini kimekwenda wapi, maana baada ya nusu saa hutakumbuka.

Plagi zianze kwa mkono. Mimi hutumia kipande cha mpira wa hozi nilichokivalisha juu ya plagi. Nyuzi zisipokaa sawa mpira unateleza wenyewe, haulazimishi. Kisha kaza kwa kipimo, takriban Nm 18 kwa 1NZ. Kama huna spana ya kipimo, plagi mpya yenye washa huzungushwa nusu mzunguko baada ya kugusa. Iliyokwisha kutumika haihitaji zaidi ya kukazwa kidogo, kwa sababu washa yake imeshabanwa.

Futa kodi sasa, halafu liendeshe katika hali ileile inayolifanya limisi: likiwa baridi kama humisi asubuhi, mlimani kama humisi likibeba mzigo. Rudi usome.

Ikija P0301, kosa limeifuata koili. Nunua koili moja. Ikija P0304, limeifuata plagi. Hapo nunua seti ya plagi nne, kwa kuwa zote zina umri mmoja. Ikirudi P0302, koili na plagi zote mbili hazina hatia, na umejua hivyo bila kutoa hata senti. Na kama kumisi kumepotea kabisa, uwezekano mkubwa ni mguso wa soketi uliokuwa mbaya na sasa umekaa sawa. Usishangilie, rudi kwenye vijipini na waya, kwa sababu kutarudi.

Kosa likibaki palepale

Pima umeme kwanza. Chomoa soketi ya koili ya silinda hiyo, washa swichi bila kuwasha injini, na utafute volti za betri, karibu 12, kwenye mojawapo ya pini nne. Linganisha na soketi ya silinda nzima. Ikikosekana kwenye moja tu, waya imekatika mahali.

Halafu nozeli. Injini ikiunguruma, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozeli na mpini sikioni, nywele na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda. Nozeli inayofanya kazi inagonga tik-tik-tik kavu, ya haraka. Sikiliza zote nne. Iliyo kimya haifungui. Izime injini, chomoa soketi yake, upime ohm kati ya pini mbili: nozeli nyingi za Toyota za aina hii husoma kati ya 12 na 15. Ikisoma sawa na wenzake lakini iko kimya, kosa liko kwenye waya wake. Ikigonga vizuri lakini silinda bado haichomi, huenda imeziba. Kuitoa nozeli kunahitaji kuishusha presha ya petroli kwanza, na petroli ikimwagika juu ya ekzosi ya moto ni ajali. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mwachie fundi, lakini mwambie ni nozeli ya namba ngapi.

Kama kodi ni P0300 na imeandamana na P0171, acha silinda moja moja. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Chunguza hozi zote zinazoingia kwenye manifoldi, ile ya breki ikiwemo, ukitafuta nyufa na mlio wa kunyonya. Dalili yake ni gari kumisi kwenye sailensi na kutulia ukikanyaga mafuta. Kama silinda zote zilianza kumisi baada ya kujaza tangi mahali fulani, yatilie shaka mafuta hayo. Petroli kuchanganywa na mafuta ya taa si uvumi; mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo.

Kompresheni

Imebaki moja, ambayo hakuna anayependa kuipima. Injini iwe na uvuguvugu, si moto. Toa plagi zote. Chomoa soketi za koili na za nozeli zote, kusiwe na cheche wala petroli. Funga geji kwenye silinda ya 1, mwambie msaidizi akanyage mafuta hadi mwisho na apige stata mpaka sindano iache kupanda, kwa kawaida mapigo matano au sita. Andika. Rudia kwa zote, betri ikiwa na chaji ya kutosha, la sivyo namba za mwisho zitakudanganya.

Usiihangaikie sana namba yenyewe, kwa sababu geji hutofautiana. Tazama pengo. Psi 180, 175, 180, 178 ni injini yenye afya. Psi 180, 110, 175, 178 imekuonyesha mgonjwa. Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi la silinda hiyo na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba kwa muda. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake.

Kama gari limewahi kuchemsha, hasa yale yanayojazwa maji ya bomba badala ya kulanti, fanya na uchunguzi huu: liache lilale usiku kucha, uliwashe asubuhi. Likimisi kwa dakika moja na kutoa moshi mweupe, kisha likatulia, na rejeta inapungua bila kuvuja chini, maji yanapenya ndani ya silinda wakati limezimwa. Ile plagi iliyooshwa ndiyo silinda yake. Usiliendeshe zaidi ya kulifikisha gereji.

Hapo mpe fundi ile karatasi yako: kodi ulizozikuta, koili na plagi ulizozihamisha na kilichotokea, ohm za nozeli, namba nne za kompresheni kabla ya oili na baada yake. Mwombe akuonyeshe gasketi au valvu aliyoitoa, uiangalie kwa macho yako upande wa silinda uliyomwandikia.